Boksi Hupimwa Ndani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mdogo wangu amerudi. Sijui kipi kati ya hivyo viwili kimechafua karakana zaidi.

Saa tisa alasiri gari liliingia uani likifuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Akashuka mtu mwenye tumbo ambalo hakuondoka nalo. Miaka minane imepita, tangu wiki ile tuliyomzika Mama. Akasimama mlangoni pa karakana huku maji yanamchuruzika, akakohoa, akavuta kohozi na kulitema kwenye maranda niliyoyafagia asubuhi nikayakusanya vizuri pembeni. Ndipo akasema, "Shikamoo, Dada."

Nikaitikia. Shikamoo haikataliwi.

Baba alikuwa kitini kwake barazani. Alipomwona alisimama peke yake. Huyu Baba ambaye kila asubuhi namnyanyua kwa kumshika makwapani! Alimshika mwanawe uso kwa viganja viwili, akalia kwa sauti kubwa mpaka jirani yetu mshonaji akasimamisha cherehani kusikiliza. Mimi nilikuwa na misumari minne mdomoni. Niliendelea kugongelea.

Jumanne, 5 Machi

Anakula mdomo wazi.

Jumatano, 6 Machi

Leo amesema alichofuata. Kazi yake ni kufunga muziki kwenye magari ya watu. Gari lake ndilo tangazo lake: mteja anafunguliwa buti, anasikia besi, anashawishika. Boksi la zamani la sabufa, ile spika kubwa ya besi, limeoza kwa maji ya mvua, sasa anataka jipya.

"La kupimwa, Dada. Siyo yale ya dukani yanayolia kama debe."

"Mimi natengeneza makabati, milango na vitanda. Sitengenezi kelele."

"Kabati si boksi tu?"

"Kabati lina milango."

"Basi lako usiliwekee milango."

Akacheka mwenyewe. Ana jino moja limekuwa jeusi pembeni, na akicheka linatangulia kutoka kama mwenyeji anayekaribisha wageni. Sabufa yenyewe ameifunga kwa taulo. Taulo hilo sitaki kulieleza.

Nilitaka kukataa. Baba akapayuka kutoka barazani, maana siku hizi anaongea kwa kupayuka, uzee huo: "Mtengenezee mdogo wako!" Kumbe alikuwa anatutazama muda wote.

Jumamosi, 9 Machi

Tumelitoa boksi la zamani. Siku nzima sijatia kitu mdomoni.

Mbao zilikuwa zimevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Nilipochomeka patasi kwenye pembe, pembe nzima ikabaki mkononi mwangu, laini, na harufu ikanipiga usoni: mkojo wa panya, maji ya siku nyingi, soksi. Soksi yenyewe ilikuwemo. Ndani ya soksi mlikuwa na vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vinajinyonganyonga.

Yeye alivichota kwa mkono mtupu, akavipeleka kule kwenye majani nyuma ya choo huku akivisemesha kama mlezi. Akarudi, akajifuta kwenye suruali, akakata kipande cha mkate mezani. Mkate wangu. Nimeutupa uliobaki.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Gundi haikauki. Anakoroma mpaka mchana.

Jumatano, 13 Machi

Nimekata. Vipimo alinipa vimeandikwa kwenye karatasi ya pakiti ya sigara: hamsini, thelathini na sita, thelathini na mbili, zote sentimita. Mbao ni MDF, ule unga wa mbao ulioshindiliwa, unene milimita kumi na nane. Siupendi. Ubao wa kweli una mishipa, unakuambia unataka kukatwa upande gani. Huu ukiukata unatoa vumbi tu, vumbi linalokaa kooni kama neno ulilolimeza.

Lakini kazi ni kazi. Nimeunga pembe zote, hata wembe haupiti katikati. Tundu la spika nimelikata kwa mkono mmoja, duara safi. Pembeni nimeacha tundu la hewa, maana anasema boksi lisipopumua besi inakabwa. Baba alisogea na mkongojo, akapitisha kidole kwenye ukingo kama alivyokuwa akikagua kazi yangu nilipokuwa msichana. Akakisoma kidole chake kama kuna maandishi, akaondoka.

Ijumaa, 15 Machi

Limekohoa. Hakuna neno jingine. Alifunga spika, akaunganisha nyaya, akawasha, na boksi langu likatoa sauti ya mzee mwenye pumu.

Akachukua futi, akapima. Kisha: "Dada, umepima nje."

"Kabati hupimwa nje. Vinginevyo haliingii chumbani."

"Boksi hupimwa ndani. Spika haijui nje kuna nini, inajua hewa iliyofungiwa nayo. Hii inataka lita hamsini, na hapa, ukitoa nafasi ya spika na tundu la hewa, hazifiki arobaini."

Nikamwambia karatasi yake haikusema ndani wala nje. Akasema ni kweli, kosa ni lake. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba alikubali upesi hivyo, kama mtu aliyezoea kubeba makosa.

Halafu akafanya jambo ninaloona kinyaa hata kuliandika. Alilamba mgongo wa mkono wake, ulimi wote, taratibu, kisha akaupitisha kwenye viungo vyangu kutafuta panapovuja hewa. Aliacha ute juu ya kazi yangu, unang'aa kama njia ya konokono.

"Hapa," akasema. "Panavuja kidogo."

Palikuwa panavuja.

Baba alikuja akaweka kiganja juu ya boksi wakati linakohoa, akatabasamu. Kwa mtoto wake huyu hata kikohozi ni wimbo.

Jumapili, 17 Machi

Nalala chumba kimoja na jambo hili na leo naliandika, maana kumwona akizunguka uani na taulo lake kunanikereketa.

Miaka sita iliyopita alinipigia simu. Alikuwa ametoka hospitali, mguu umevunjika, hana pa kukaa. Baba hakuwa na simu, ya kwangu ndiyo ilikuwa ya nyumba. "Dada, niulizie kwa Baba kama naweza kurudi." Asubuhi ile ile Baba alikuwa ameniuliza, kama alivyoniuliza kila asubuhi, "Mdogo wako hajapiga?"

Nikatoka na simu. Nikasimama nyuma ya rundo la mbao, nikahesabu mpaka mia moja kimyakimya. Nikarudisha simu sikioni: "Baba amesema usirudi."

Akasema, "Haya. Mwambie namsalimia." Salamu hiyo sikuifikisha.

Kwa nini? Pale mlangoni pana kibao alichokichonga Baba: SEREMALA NA MWANAWE. Wateja walikuwa wakinikuta mimi na msumeno mkononi, jasho linanitoka, wananiuliza, "Mwanawe yuko wapi?" Na Baba alikuwa anawajibu: "Yuko safari." Mtu ambaye hajawahi kutengeneza hata kigoda! Basi nikaona na abaki safarini.

Lakini nilitubu. Miaka mitatu iliyopita, msimu wa mvua kama huu, nilikaa barazani karibu na Baba nikipiga msasa mguu wa meza, nikamweleza yote, tangu simu mpaka mia moja. Akaniangalia kwa muda, akatikisa kichwa, akasema: "Sawa, mwanangu. Ndivyo." Siku hiyo nililala usingizi wa mtoto mchanga. Baba anajua, na Baba amenisamehe. Huyu hana haja ya kujua.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Amekata kucha za miguu juu ya benchi langu la randa.

Jumamosi, 23 Machi

Mtaa mzima unampenda. Jirani mshonaji amekuja na kikombe cha chai, si changu, cha mdogo wangu. Kumbe huyu amemtengenezea redio na kumkazia skrubu za cherehani.

"Ndugu yako ana mikono ya dhahabu," akaniambia.

"Uliiona ilikotoka, hiyo mikono?"

"Wewe nawe! Mtu amerudi kwao, unamnunia kama amekuja kukuzika."

Nikamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akajibu, "Huyo si mgeni, na jembe unalo wewe." Kisha akakaa saa nzima akimchekea. Nyuso zikichekeana hivyo mbele yangu natamani kuzipaka gundi.

Jumatano, 27 Machi

Boksi la pili linaendelea. Safari hii nimepima ndani. Nimeweka mhimili katikati, ubao wenye tundu, ili kuta zisitetemeke.

Lazima niandike na hili ingawa silipendi: anajua kusikiliza mbao. Leo alikuwa anagonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole, tok, tok, tok, kisha akasimama. "Hapa gundi haikufika."

"Imefika."

"Haya."

Hakubisha. Akaenda kuvuta sigara. Nikabaki nimeudhika, nikalegeza skrubu, nikaufungua ule ubao. Palikuwa pakavu, upana wa vidole viwili. Baba ndiye aliyekuwa akigonga hivyo zamani, nami hakunifundisha. Alinifundisha macho tu. Labda masikio hayafundishwi.

Aliporudi aliona nimepaka gundi upya. Hakunicheka. Alishika msasa akaanza upande wa pili, na tulifanya kazi mpaka saa kumi na moja bila kutupiana neno. Ananuka sigara na nguo mbichi. Nilivumilia.

Jumanne, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Boksi la pili lilikuwa tayari kujaribiwa. Tuliliweka juu ya benchi. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupigiana kelele. Aliwasha. Loo! Halikukohoa. Liliguna, likashuka chini, likaingia kwenye miguu ya benchi na kupanda kwenye magoti yangu, kipimajoto cha ukutani kikaanza kucheza. Nilisahau kuchukia kwa muda wa wimbo mmoja.

Baba alikuja. Alifunga macho, akaweka viganja vyote viwili juu ya boksi, na midomo yake ikaanza kufuata mdundo.

Mdogo wangu alikuwa anamtazama. Kisha akazima spika ndogo zote, zile za sauti za juu zenye maneno ya wimbo, akaacha besi peke yake. Baba hakubadilika, aliendelea kutikisa kichwa. Mdogo wangu akazunguka nyuma yake.

"Baba."

Kimya.

"Baba, kuna nyoka mguuni kwako!"

Nikacheka. "Ameshakuzoea, mwongo wewe."

Yeye hakucheka. Alizima muziki wote. Akachukua kipande cha bati na nyundo, akakipiga nyuma ya kichwa cha Baba. Mimi niliruka. Baba alikuwa anasubiri boksi liendelee, akilipapasa kama ng'ombe aliyegoma.

"Dada, Baba hasikii."

"Anasikia. Jana nimemuuliza kama anataka chai, akasema ndiyo."

"Ulikuwa umeshika nini mkononi?"

Nikafikiri. "Birika."

Alivua kofia akaikunja mikononi. "Hizi kazi zetu naziona kila siku," akasema taratibu. "Mafundi wa misumeno, madereva wa malori. Zinatangulia kwenda sauti za juu, halafu zote. Anapata kidogo hii nzito tu, tena kwa mikono. Nilimshuku tangu siku ya kwanza. Nilidhani wewe unajua."

Nilidhani wewe unajua.

Nimetoka nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Si kwa habari hiyo. Ni kwa sababu ya siku ile ya msasa na mguu wa meza.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemjaribu. Nilikaa karibu naye barazani kama kawaida yangu, misumari mdomoni, nikasema bila kuinua uso: "Baba, nyumba inawaka moto."

"Sawa, mwanangu," akasema. "Ndivyo."

Alhamisi, 4 Aprili

Nimechukua kipande cha plaiwudi na penseli ya kazi, nikaandika: BABA, UNANISIKIA? Nikamwekea mapajani.

Alikisoma. Akavaa miwani akakisoma tena, ingawa herufi zilikuwa kubwa kama viatu. Aliniomba penseli. Mwandiko wake bado ni ule wa kuandika vipimo, umesimama wima:

Tangu mwaka wa pili baada ya mama yenu. Kidogo kidogo, kisha basi.

Nikaandika: KWA NINI HUKUSEMA?

Akaandika:

Ulikuwa unaongea kwa raha. Nikaona nisikukate.

Miaka sita! Miaka sita nimemwagia mtu habari za wateja, mbao mbovu, majirani, umbea, machungu yangu yote, na yeye amekaa pale akitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemlindia mwenzake mzigo asioujua una nini. Nami nikajiita mtoto mwema. Namwogesha, najua kila kovu la mgongo wake, na sikujua kwamba hasikii. Asiyekuwepo miaka minane ameligundua kwa mwezi mmoja.

Nimekuwa nikiandika kinyaa changu juu ya mdogo wangu katika daftari hili kurasa na kurasa. Makohozi, kucha, taulo. Nikizisoma leo naona aibu, maana uchafu wa nyumba hii haukuja na gari.

Jumamosi, 6 Aprili

Bati limevuja juu ya benchi. Maji yameingia kwenye boksi la pili, pembe imevimba na kupasuka kama fizi ya mgonjwa wa jino. Mdogo wangu alipoliona alikaa kwenye kigogo akashika kichwa. Akasema, "Basi, Dada. Umeshachoka na mimi. Nitanunua la dukani."

"Hakuna anayenunua la dukani," nikamwambia. "Tunatengeneza la plaiwudi nzito."

Alinitazama kama nimemsemesha lugha ngeni.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Nimekata mbao saba. Vipimo vya ndani nimehakiki mara tatu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemwambia.

Sikupanga iwe hivyo. Tulikuwa tunaunga ubavu wa mwisho. Klampu zangu mbili zimekufa kwa kutu msimu huu, kwa hiyo upande mmoja ulibidi ushikwe kwa mikono mpaka gundi ikamate. Mimi nilisimama huku, yeye kule, viganja vinne vinasukumana, boksi katikati. Robo saa hakuna anayeweza kwenda popote.

Nikaona nikiachia nafasi hii sitaipata nyingine.

"Ile simu uliyopiga," nikasema, "ulipovunjika mguu."

"Mm."

"Baba hakusema usirudi. Sikumuuliza. Nilisimama nyuma ya mbao nikahesabu mpaka mia, nikakurudia na uongo. Na alikuwa anakuulizia kila siku."

Sikuweza kuona uso wake vizuri, boksi lilimkinga kuanzia puani kwenda chini. Niliona macho tu. Hayakupepesa. Mikono yake haikulegea hata kidogo, afadhali ingelegea.

Nikasikia maji yakidondoka kwenye ndoo.

"Imeshika?" akauliza.

"Bado."

"Ikishika uniambie, niondoke."

Nikamwambia namwomba radhi. Nikamwambia nilikuwa na wivu, kwamba kile kibao mlangoni kilikuwa kinanila. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Halafu akasema, sauti chini kabisa: "Mwaka ule nililala kwenye magari ya wateja, Dada. Miezi tisa. Nilikuwa najiambia, nimemkosea nini mzee? Nikahesabu makosa yangu yote tangu utotoni. Nikayapata mengi. Nikasema kweli, ana haki."

"Imeshika?"

Nilibonyeza. Gundi ilikuwa imekauka pembeni, ngumu. Ilikuwa imeshika zamani. "Imeshika," nikasema.

Akaachia. Akachukua taulo lake na viatu, akaingia kwenye gari. Boksi ameliacha.

Jumapili, 14 Aprili

Baba ameuliza mara tano yuko wapi. Nimempa chai.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nimemwandikia Baba. Ubao mzima, pande mbili, penseli imekwisha nikachonga nyingine. Nimeandika yote niliyomwambia miaka mitatu iliyopita, na nikaongeza kwamba nilidhani amenisamehe.

Alisoma mara ya kwanza. Aligeuza. Alisoma upande wa pili. Akarudi mwanzo. Kidole chake kilipita chini ya kila mstari kama alivyozoea kukagua ukingo wa mbao, na kilipofika penye "mia moja" kikasimama.

Aliinua macho. Nimemfulia nguo, nimemlisha alipougua, nimezeeka naye. Hakuwahi kunitazama vile, kama mtu aliyefungua chungu akakuta kilichooza.

"Yuko wapi?" akapayuka.

Nikaonyesha kwa mkono: gereji ya mwisho wa barabara, jirani mshonaji aliliona gari pale.

Akasimama. Nikamshika kwapa. "Usinishike!"

Alitoka kwenye mvua na kandambili. Mzee wa miaka themanini, anatembea kama anayevuka mto, mkongojo unazama topeni. Mimi nilimfuata hatua ishirini nyuma na mwavuli uliofunguliwa juu ya kichwa changu mwenyewe, maana hakutaka nimkaribie, na watu walisimama milangoni kutazama mwanamke mkavu akimfuata baba yake aliyelowa. Nilijiona kwa macho yao. Nilijichukia mpaka meno yakauma.

Mdogo wangu alikuwa amelala kiti cha mbele. Baba aligonga kioo. Mlango ukafunguliwa, akaingia, ukafungwa. Vioo vilijaa ukungu. Nilisimama chini ya paa la gereji, sikuona kitu ila vivuli viwili, kimoja kikiandika kwa kidole kwenye kioo na kingine kikifuta.

Jumapili, 21 Aprili

Baba hanisemeshi. Anakula ninachopika. Mdogo wangu anamfuata asubuhi na kumrudisha jioni, anasimama nje ya geti.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua imepungua. Nimemaliza boksi peke yangu. Msasa mara nne, vanishi mara tatu. Pa kuvuja nilipatafuta kama alivyofanya yeye: nililamba mgongo wa mkono wangu nikaupitisha kwenye kila kiungo. Ni kweli, ngozi ikilowa inasikia hewa vizuri zaidi. Haikunitia kinyaa.

Alhamisi, 2 Mei

Mdogo wangu amekuja kulifunga. Alipima ndani kwa mkono kupitia tundu la spika, akakaza skrubu zote, akawasha. Madirisha ya mshonaji yaligonga. Alipitisha mkono kwenye pembe, akarudia.

"Halivuji," akasema.

Ndilo neno pekee alilonipa. Nimelichukua.

Jumapili, 5 Mei

Jua kali. Matope uani yamepasuka vipande.

Wameondoka asubuhi. Baba amechagua kwenda kukaa naye. Nimemkunjia mashati yote, nimeweka miwani juu. Mdogo wangu alibeba begi, akasimama mbele yangu akitazama viatu.

"Dawa za presha anakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi, baada ya kula. Akisahau anakuwa mkali."

Akaandika kwenye kiganja. "Na mgongo?"

"Usimvute mikono, mshike makwapani. Maji ya kuoga yawe ya vuguvugu, hapendi moto." Nikaishia hapo. Alisubiri kidogo kuona kama kuna lingine, kisha akaenda kuwasha gari.

Baba alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Aliteremsha kioo akaniita kwa kidole. Nikasogea. Nilidhani ataninong'oneza, lakini yeye hajui tena kunong'ona. Alisema kwa sauti kubwa mpaka cherehani ikasimama, na wapita njia wakageuka:

"Mimi bado sijakusamehe! Siku nikikusamehe, nitakuja mwenyewe nikuambie!"

Nikamjibu nitamngoja. Nilisema polepole, nikafungua mdomo vizuri, nisimfiche neno hata moja. Alinitazama midomo mpaka mwisho, akapandisha kioo.

Gari likatoka. Besi niliisikia nyayoni mpaka kona.

Jirani alikuwa mlangoni na futi shingoni. "Amesema nini mzee?"

"Umesikia."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

Hakucheka, hakuninunia. Tuliingia wote wawili chumbani kwa Baba, tukashika godoro huku na huku, tukalitoa kulianika juani.